Jina, kijiti, kifundo au kitabu: uanze na uaguzi upi wa namba wa kale?

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa kwamba namba zimewahi kuulizwa mambo ya kesho. Amesikia tangu utotoni: chukua jina lako, chukua la mama yako, jumlisha herufi kwa abjadi (kila herufi ya Kiarabu ina namba yake), toa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Hesabu ile ina ndugu wakubwa waliotapakaa kutoka Roma hadi China. Anayetaka kuwafuatilia hukwama mapema, kwa sababu kila mlango una lugha yake, vifaa vyake na aina yake ya hesabu, na muda wa kuifungua yote hana.

Nalinganisha hapa milango minne: hesabu ya jina ya Wagiriki, vijiti vya Yijing, kitabu cha kale cha uaguzi cha China, vifundo vya miguu ya kondoo vilivyorushwa mbele ya nguzo za mawe katika Asia Ndogo, na kitabu cha maswali kilichotumika Misri chini ya Warumi, kinachoitwa cha Astrampsychus. Nazilinganisha kama mambo ya kusoma na kufanyia mazoezi. Sizipendekezi kama mahali pa kwenda kuulizia ndoa au maradhi. Misikiti na makanisa yetu yameshasema lao juu ya hilo, na mimi nakubaliana nayo.

Ramli nimeiacha makusudi, ingawa ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Mpangilio wake tunaoujua, wa maumbo 16 ya nukta, ni wa karne za kati, nasi tunazungumzia zama zilizotangulia. Atakayemaliza mlango mmojawapo wa hii minne ataielewa ramli kwa wepesi.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni hiki: namba inatoka wapi? Kuna namba uliyozaliwa nayo, kuna namba inayoanguka kutoka mkononi, na kuna namba unayoitaja mwenyewe kwa mdomo wako. Tofauti hizi tatu hubadilisha kila kitu kinachofuata, hata hisia za muulizaji.

Baada ya hapo natazama hesabu inayotakiwa, kisha namna jibu linavyosemwa (neno moja, shairi au picha), kisha ushahidi uliobaki pamoja na lugha utakayohitaji ili uusome. Mwisho nasema mlango unamfaa nani.

1. Hesabu ya jina

*Namba inatoka wapi.* Kwenye jina ulilopewa. Wagiriki walitumia herufi zao 24, wakaongeza alama 3 za zamani walizozihifadhi kwa kazi ya hesabu tu, na kwa hizo 27 wakaandika 1 hadi 9, 10 hadi 90 na 100 hadi 900. Kwa hiyo kila jina lilikuwa tayari jumla. Ndivyo ilivyo abjadi ya Kiarabu pia: 786 inayoandikwa juu ya milango ya maduka na kwenye vioo vya magari ni jumla ya herufi za Bismillahi kamili.

Watu walicheza na jambo hili kabla ya kuliagulia. Kwenye ukuta wa Pompeii, mji uliofukiwa na mlima wa moto mwaka 79 BK, mtu mmoja aliandika kwa Kigiriki kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Jina akalificha ndani ya jumla. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, naye anasimulia kejeli iliyozunguka Roma dhidi ya mfalme Nero: jina lake kwa Kigiriki, Neron, ni 50 + 5 + 100 + 800 + 50, yaani 1005, na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "alimuua mama yake mzazi" nayo yanajumlika 1005. Kila aliyejua kuhesabu aliisoma tuhuma hiyo bila kuelezwa.

*Hesabu yake.* Kujumlisha, halafu kutafuta baki. Hippolytus wa Roma, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3 ili kuwapinga waaguzi, ametueleza kazi yao kwa kina kuliko wengi walioipenda. Kila herufi huvuliwa sifuri zake, ikabaki tarakimu moja. Jumla ikipatikana, hutolewa tisa tisa. Chukua mashujaa wa vita vya Troya waliosimuliwa na mshairi Homer. Agamemnon ni 1+3+1+4+5+4+5+8+5, sawa na 36, na shina lake, yaani kinachobaki, ni 9. Hector ni 5+2+3+8+1, sawa na 19, na shina lake ni 1. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataona mara moja kwamba hii ni kugawanya kwa 9 na kutazama baki, ila isipobaki kitu shina huhesabiwa 9.

Mashina mawili yalishindanishwa ili kujua nani atashinda vita au mashindano. Kanuni hiyo haikufa: Ibn Khaldun wa Tunis aliieleza mwaka 1377. Zikiwa namba zote mbili ni shufwa, au zote mbili ni witiri, ndogo hushinda. Ikiwa moja ni shufwa na nyingine witiri, kubwa hushinda. Zikilingana zikiwa shufwa hushinda anayeshambuliwa, zikilingana zikiwa witiri hushinda mshambuliaji. Tuijaribu. Patroclus ni 34, shina 7. Hector ana 1. Zote witiri, ndogo inashinda, na kweli kwa Homer Hector ndiye anayemuua Patroclus. Sasa Achilles: 1+6+1+3+3+5+4+2 ni 25, shina 7. Kwa kanuni ileile Hector alipaswa kumshinda Achilles, na kila mtu anajua mambo hayakwenda hivyo. Lakini ukiihesabu herufi ya *l* mara moja tu kwa kuwa imejirudia, unapata 22, shina 4. Moja ni witiri, nne ni shufwa, kubwa inashinda, na Achilles anaibuka mshindi. Hapo ndipo unapoona kazi ya mwaguzi: kanuni ina mlango wa nyuma, na mwenye ufunguo ni yeye. Hippolytus aliliona hilo. Analalamika kwamba wengine hutoa tisa tisa na wengine saba saba, kila mmoja kwa njia yake.

*Jibu linavyosemwa.* Kwa ukali. Atashinda au atashindwa, ataishi au atakufa. Karatasi ya mafunjo kutoka Misri, iliyohifadhiwa sasa Leiden, Uholanzi, ina jedwali linaloitwa Duara la Democritus: chukua namba ya jina la mgonjwa alilopewa alipozaliwa, ongeza siku ya mwezi mwandamo aliyolala kitandani, toa thelathini thelathini, kisha tafuta baki kwenye jedwali. Ikiwa sehemu ya juu, atapona. Ikiwa ya chini, atakufa. Mgonjwa aitwaye Hector, jumla kamili 1225, akiugua siku ya 8 ya mwezi, anapata 1233 na baki ya 3. Basi. Hakuna shairi, hakuna ushauri, hakuna "subiri kidogo". Nikiwaza mama aliyesimama kando ya kitanda akisubiri mtu amalize kugawanya, naona huu ndio mlango mgumu kuliko yote kwa moyo.

*Ushahidi na lugha.* Upo mwingi, lakini umetawanyika: kuta, mafunjo, maandishi ya wapinzani. Herufi za Kigiriki utazijua kwa siku chache na huhitaji zaidi ili uanze. Anayesoma Kiarabu ana faida kubwa. Wa Kiebrania pia, maana herufi zake zina desturi hiyo hiyo: "Neron Kaisari" kwa herufi za Kiebrania ni 50+200+6+50+100+60+200, na jumla yake ni 666, namba ya Ufunuo 13:18. Ukiiondoa *n* ya mwisho, kama Walatini wanavyotamka Nero, inabaki 616, na nakala kadhaa za kale za Ufunuo zimeandika kweli 616.

*Inamfaa nani.* Mpenda lugha, msomaji wa maandiko matakatifu, na yeyote anayetaka kujua hesabu ya nyota ya pwani ilizaliwa katika ukoo gani.

2. Vijiti vya Yijing

*Namba inatoka wapi.* Kutoka mkononi, polepole. Vijiti ni mashina makavu ya mmea wa jamii ya *Achillea*, ambao kwa sadfa nzuri wataalamu wa mimea waliuita kwa jina la Achilles tuliyemwacha hapo juu. Unachukua 50, unaweka kando 1, unafanya kazi na 49.

*Hesabu yake.* Hapa ndipo ningependa kila mwalimu wa hesabu asimame kidogo. Unagawa vijiti 49 mafungu mawili bila kuhesabu. Unatoa kijiti kimoja kwenye fungu la kulia. Unahesabu kila fungu nne nne, na mabaki (ikigawanyika kamili, nne za mwisho huhesabiwa kuwa baki) unayaweka pembeni pamoja na kile kimoja. Pembeni pana vijiti 5 au 9, hakuna kingine kinachowezekana. Unarudia kwa vijiti vilivyobaki: mara ya pili hutoka 4 au 8, mara ya tatu 4 au 8. Mkononi sasa una vijiti 36, 32, 28 au 24. Gawanya kwa 4, upate 9, 8, 7 au 6. Huo ni mstari mmoja tu. Mchoro una mistari sita, kwa hiyo unagawa mara 18, na asiye na haraka hutumia karibu nusu saa.

Namba witiri, 7 na 9, ni mstari mzima. Shufwa, 6 na 8, ni mstari uliokatika. Halafu 9 na 6 ni "zee", yaani mistari iliyo tayari kugeuka kuwa kinyume chake. Mistari sita ya aina mbili ni michoro 64, na kwa kuwa kila mchoro waweza kugeuka kuwa mwingine wowote au kubaki ulivyo, kuna safari 4,096.

Uzuri umejificha kwenye uwezekano. Kati ya 16, namba 6 hutoka mara 1, 9 mara 3, 7 mara 5, na 8 mara 7. Wengi leo hutumia sarafu tatu kuokoa muda, na kwa sarafu 6 na 9 hutoka mara 1 kati ya 8 kila moja, 7 na 8 mara 3 kati ya 8. Jumlisha mistari inayogeuka kwa kila njia: vijiti ni 4 kati ya 16, sarafu 2 kati ya 8. Ni robo kotekote! Ila kwa vijiti, mstari mzima hugeuka mara tatu zaidi ya uliokatika, na kwa sarafu hugeuka sawasawa. Kwa hiyo aliyebadilisha kifaa amebadilisha pia tabia ya majibu, hata kama kitabu hakikuguswa.

*Jibu linavyosemwa.* Kwa picha na maneno machache ya kale yaliyoambatanishwa na kila mchoro na kila mstari, kisha ufafanuzi uliorundikana juu yake kwa karne nyingi. Halikuambii utashinda au utashindwa. Linakueleza hali uliyomo na linakoelekea, na msomaji ana kazi ya kulioanisha na swali lake. Wenye subira hulipenda. Wenye haraka huona linazunguka.

*Ushahidi na lugha.* Ni mwingi ajabu. Maandishi ya msingi ni ya zama za mwanzo za ukoo wa kifalme wa Zhou, karibu miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 1973 nakala ya hariri ilifukuliwa Mawangdui, Changsha, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Kuna vipande vya mianzi vya karibu mwaka 300 KK. Kuna mifupa na vyombo vya shaba vyenye safu za tarakimu sita sita ambazo mwanahistoria Zhang Zhenglang alizieleza mwaka 1978 kuwa ni matokeo ya uaguzi yaliyoandikwa kwa namba kabla ya kuwa mistari. Na mfalme Qin Shi Huang wa China alipoamuru vitabu vichomwe mwaka 213 KK, vya uaguzi viliachwa.

Tahadhari mbili kwa anayeingia hapa. Utaratibu wa vijiti nilioueleza ulipangwa hivyo na mwanafalsafa Zhu Xi katika karne ya 12, akifuata maelezo mafupi ya kale. Usiuandike kana kwamba Mfalme Wen wa Zhou, ambaye mapokeo humhusisha na kitabu hiki, aliufanya hatua kwa hatua vilevile. Ya pili: utasikia kwamba Wachina wa kale waligundua hesabu za sifuri na moja za kompyuta. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alichapisha makala yake juu ya hesabu hizo mwaka 1703 akiitaja michoro hii, aliyotumiwa na mmisionari Joachim Bouvet kutoka China. Lakini mpangilio uliomshangaza ulikuwa wa Shao Yong, mwanazuoni wa karne ya 11, na waaguzi wa Zhou hawakuwa wakihesabu kwa sifuri na moja. Walikuwa wakihesabu nne nne.

Kichina cha kale ni kigumu, ila tafsiri za Kiingereza na Kifaransa ni nyingi na za viwango tofauti. Chukua mbili, uzilinganishe.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa hesabu, mwanafunzi wa falsafa, na mtu anayependa jambo la kurudiwarudiwa kwa utulivu.

3. Vifundo na nguzo za mawe

*Namba inatoka wapi.* Kutoka mkononi tena, lakini kwa kishindo: unarusha. Kifaa ni kile kifupa cha kifundo cha mguu wa nyuma wa kondoo au mbuzi, Wagiriki wakakiita *astragalos*. Kina pande nne kinazoweza kulalia, zenye thamani 1, 3, 4 na 6. Hakuna 2 wala 5. Vilipendwa mno: katika pango la Korykos juu ya Delphi vilikutwa zaidi ya 20,000.

*Hesabu yake.* Nyepesi kuliko zote kwa muulizaji: rusha vitano, jumlisha. Ila kwa anayechunguza ina utamu wake. Vifundo vitano vyenye pande nne, bila kujali mpangilio, hutoa michanganyiko 56. Jumla ndogo ni 5 na kubwa ni 30, lakini 6 na 29 haziwezekani. Chukua kalamu uhakikishe. Na pande hazilingani: 3 na 4 ni pana, 1 na 6 ni nyembamba. Ukikadiria kwamba 1 huanguka mara moja kati ya kumi, basi 1 tano kwa pamoja ni mara moja kati ya 100,000, na bado jibu lake limechongwa kwenye jiwe na kupewa nafasi sawa na mengine.

*Jibu linavyosemwa.* Kwa shairi, mbele ya watu. Katika karne ya 2 BK miji ya kusini-magharibi ya Asia Ndogo (Uturuki ya leo) ilisimamisha nguzo zenye majibu yote 56. Kila jibu lina tarakimu tano, jumla yake, jina la mungu mwenye jibu hilo, halafu mistari ya shairi inayoshauri: safiri, usisafiri, ngoja, biashara itakwenda, mgonjwa atapona. Nguzo za Kremna na Termessos ni kati ya zinazojulikana zaidi. Hapa hakuna mwaguzi. Mfanyabiashara anafika mjini, anarusha, anasoma mwenyewe, na kama hajui kusoma yupo wa kumsomea. Siri haikuwa na nafasi pale, na nadhani ndiyo maana majibu yana sauti ya mzee mwenye busara kuliko ya mchawi.

*Ushahidi na lugha.* Ni mawe, na mawe hayasemi uongo juu ya mahali yaliposimama. Lakini yamevunjika, na wataalamu hukamilisha nguzo moja kwa kusoma nyingine. Kutoka Ugiriki yenyewe tuna Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliyeeleza pango la Herakles karibu na Boura huko Akaya: muulizaji aliomba, akarusha vifundo vinne juu ya meza, akasoma maana kwenye ubao. Machapisho mengi yako katika Kijerumani na Kiingereza. Kigiriki kidogo kitasaidia sana.

*Inamfaa nani.* Mpenda akiolojia, mtu wa michezo na dadu, na mwalimu wa darasa la watoto. Vifaa ni rahisi: mwombe muuza nyama akuwekee vifundo vya miguu ya nyuma. Kila mnyama ana viwili, kwa hiyo kwa vitano unahitaji wanyama watatu. Chemsha, safisha, anika juani.

4. Kitabu cha Astrampsychus

*Namba inatoka wapi.* Kutoka kichwani mwako. Unachagua swali, kisha unataja namba yoyote kati ya 1 na 10, ukiamini kwamba Mungu ndiye aliyekutia mdomoni.

*Hesabu yake.* Kujumlisha mara moja. Maswali ni 92, yamepewa namba 12 hadi 103. Umechagua swali la 74, umetaja 6. Jumla ni 80. Unatazama 80 kwenye jedwali, linakuelekeza kwenye fungu fulani kati ya mafungu 103, na ndani ya fungu hilo unasoma jibu la 6. Majibu yote ni 1,030, yamechanganywa, na yameongezwa mengine ya kujazia ili asiyejua asigundue utaratibu. Ukikaa na karatasi jioni moja utaufumbua: toa namba uliyotaja kutoka kwenye jumla, unarudi kwenye swali. Ni programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa wino.

*Jibu linavyosemwa.* Sentensi moja ya kawaida kabisa, kama mtu anavyomjibu jirani.

Utajiri wa kitabu hiki, hata hivyo, uko kwenye maswali. Nitalipwa mshahara wangu? Nitauzwa? Nitaachana na mke wangu? Nitakuwa diwani? Kutoroka kwangu kutagunduliwa? Soma "nitauzwa?" polepole: huyo ni mtumwa, amesimama mbele ya kitabu, anauliza kwa nafsi yake. Wanahistoria wa Roma wana hotuba za maseneta kwa maelfu ya kurasa, lakini hofu ya mtumwa katika maneno yake ni nadra mno. Swali la 91 hutafsiriwa na baadhi ya wasomi "nimetiliwa sumu?" na wengine "nimerogwa?", kwa sababu neno la Kigiriki lina yote mawili. Sisi hatuna shida hiyo. Swali lile ni "nimelishwa?", na kila aliyesikia ugomvi wa urithi anajua kwa nini sumu na uchawi hukaa ndani ya neno moja.

*Ushahidi na lugha.* Vipande vya mafunjo vya karne ya 3 na kuendelea vilifukuliwa Oxyrhynchus, mji wa Misri ambako Grenfell na Hunt walianza kuchimba miaka ya 1890, na nakala za baadaye za Wakristo zinakamilisha mapengo. Katika nakala hizo majina ya miungu yamebadilishwa kuwa ya watu wa Biblia, na hesabu ikaachwa ilivyo. Dibaji inadai utaratibu ulivumbuliwa na Pythagoras na Aleksanda Mkuu akautumia. Ichukue dibaji hiyo kama tangazo la biashara. Tafsiri kamili ya Kiingereza ipo.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa historia ya jamii, mtunzi wa riwaya, na mwandishi wa programu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Hesabu ya jina haiulizwi mara mbili. Jina ni lako, baki ni lako, na kitakachobadilika ni siku au mpinzani tu. Ndiyo maana inabana. Vijiti na vifundo vinaweza kurudiwa, na hapo kila desturi ilibidi imzuie mtu asirushe mpaka apate analolitaka. Nusu saa ya vijiti ni kizuizi kizuri, na macho ya watu wa sokoni ni kizuizi kingine. Kitabu cha Astrampsychus kinategemea usijue mpangilio. Ukishaujua, namba unayotaja haiwezi tena kuwa ya bahati.

Kwa upande wa dola, zile tatu za ulimwengu wa Kirumi zilikutana na ukuta mmoja: mwaka 357 mfalme Constantius II alitoa sheria iliyotaka shauku ya kuagua inyamaze kwa wote milele, kwa adhabu ya kifo. Nakala zilizoendelea kuandikwa baada ya hapo zinaonyesha jinsi ilivyotiiwa. Yijing ilikwenda kinyume kabisa: ilipandishwa kuwa miongoni mwa vitabu vya msingi vya elimu ya maofisa wa China. Kwa hiyo anayetaka mada yenye mapokeo yasiyokatika ana mlango mmoja tu kati ya hii minne, na anayetaka kuokota vipande na kuviunganisha ana mitatu.

Kulingana na hali yako

Una wiki moja na unataka kuelewa jambo zima kwa mikono yako: vifundo. Asubuhi unarusha mara mia moja na kuandika, jioni una jedwali lako mwenyewe la uwezekano.

Unasoma Kiarabu au Kiebrania tayari, au umekulia kwenye nyumba yenye mzee wa falaki: hesabu ya jina. Anza na Hippolytus na Ibn Khaldun kwa pamoja, ujionee kanuni moja ilivyovuka karne na lugha.

Unatafuta mada ya tasnifu ya historia: Astrampsychus, na uchague kundi moja la maswali, kwa mfano ya kazi, ya ndoa au ya utumwa. Usijaribu yote 92.

Unafundisha uwezekano kidato cha tatu au cha nne: vijiti, ila usianze na kitabu. Wape wanafunzi njiti 49 za kiberiti, waache wagawe mara tatu, wakuulize wenyewe kwa nini siku zote hutoka 6, 7, 8 au 9.

Una msiba, ugonjwa au uamuzi mzito nyumbani sasa hivi: ahirisha yote manne. Hasa lile jedwali la mgonjwa. Nililifanyia mazoezi kwa jina la mtu niliyemjua akiwa amelazwa, na baki ile sikuisahau hata alipopona.

Unaandika riwaya na unahitaji tukio moja tu: nenda moja kwa moja kwenye swali la 74, lile la "nitauzwa?", mwachie mhusika ataje namba, na usituambie mapema ametaja ngapi.